Mashine iliyosahihisha KCPE bila kusoma

Kila aliyefanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, anayakumbuka maagizo yale: tumia penseli ya kawaida, kistari kiwe cheusi na kisitoke nje ya kisanduku, karatasi isikunjwe wala kuchafuliwa. Wengi tulidhani ni ukali wa wasimamizi tu. Kumbe aliyekuwa akibembelezwa ni mashine.

Hiyo penseli nayo ina kisa chake. Reynold Johnson, aliyekuwa mwalimu wa sayansi wa sekondari huko Michigan, Marekani, alikuwa mtundu utotoni. Vijana walipokuja kuwatembelea dada zake, alizichora plagi za magari yao kwa penseli, na magari yakagoma kuwaka. Risasi ya penseli ni grafiti, nayo hupitisha umeme, basi cheche ikapotelea kwenye mchoro. Ukubwani akaunda kifaa kilichotambua jibu kwa umeme uliopita kwenye alama ya penseli. Kampuni ya IBM ikamwajiri mwaka 1934, na mwaka 1938 ikaiingiza sokoni IBM 805, mashine ya kusahihishia mitihani.

Mashine za baadaye ziliacha umeme zikatumia mwanga. Karatasi hupita chini ya taa. Palipo peupe mwanga hurudi mwingi, palipo peusi hurudi kidogo. Vialama vyeusi vilivyopangwa pembeni huijulisha mashine imefika mstari wa ngapi. Kutoka hapo jibu linaingia kwenye kompyuta moja kwa moja, hakuna karani wa kulichapa.

Faida yake ni kubwa, tusiibeze. Mwaka 2023, KCPE ilipofanywa kwa mara ya mwisho, watahiniwa walizidi milioni 1.4, kila mmoja akiwa na maswali 290 ya kuchagua jibu. Hayo ni majibu zaidi ya milioni 400. Karani mmoja akichapa jibu moja kwa sekunde, saa nane kwa siku bila kupumzika Jumapili wala sikukuu, angehitaji takriban miaka 38. Insha na utungaji wa Kiingereza, ambavyo lazima visomwe na kueleweka, vilibaki mikononi mwa walimu.

Lakini kazi ya karani haikufutika, ilihama. Kwenye supamaketi imehamia kiwandani, pakiti inapochapishwa mistari ya msimbopau ambayo mashine ya dukani huisoma. Kwenye benki imehamia kwa mchapishaji wa hundi, anayeweka tarakimu za wino wa sumaku chini ya karatasi. Kwenye mtihani karani ni mtahiniwa mwenyewe, na ndiye karani pekee asiyelipwa na asiye na wa kumhakiki.

Tazama kinachoweza kutokea. Mtoto analiruka swali la 17 ili alirudie baadaye. Jibu la 18 analiweka kwenye mstari wa 17, la 19 kwenye wa 18, na kuendelea hivyo hadi anapofika mwisho na kukuta mstari mmoja mtupu. Zimebaki dakika tatu na raba imekwisha. Hesabu anazijua, ila mashine haina habari. Kwake kisanduku ni cheusi au si cheusi. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeona majibu yamesogea yote kwa hatua moja, pengine akauliza. Na mtoto akifuta nusunusu na kuchora kistari kingine, mashine huweza kuona majibu mawili na kumnyima alama.

Tanzania nako watahiniwa wa darasa la saba huweka kivuli kwenye fomu za OMR, yaani fomu zinazosomwa na mashine za mwanga, na Kenya mtihani wa KPSEA, ulioanza mwaka 2022, umewaletea wanafunzi wa gredi ya sita karatasi za namna hiyo hiyo. Kwa hiyo shule inayowanolea watoto hesabu na sayansi mwaka mzima, kisha ikawaonyesha karatasi ya majibu wiki ya mwisho, imewaachia nusu ya kazi. Watoto wazoeshwe kusimama kila baada ya maswali kumi na kulinganisha namba ya swali na namba ya mstari. Zoezi hilo halichukui hata dakika moja, na kuanzia darasa la nne linawezekana.