Je, Wajua? Kiyoyozi hakivuti hewa ya nje

Viyoyozi vingi vya majumbani, vile vyenye kipande cha ndani na cha nje, haviingizi hewa mpya. Huzungusha hewa ileile ya chumbani. Ndiyo maana vumbi la machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, mkoani Geita, linaloingia kwa mlango, viatu na nguo za kazini, hunasa kwenye chujio.

Vumbi hilo si la kupuuza. Makarasha yanaposaga mawe ya dhahabu hutoa chembe za silika, ambazo zikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Basi usikung'ute chujio likiwa kavu. Zima umeme kwenye swichi kuu, vaa barakoa, fungua mfuniko, litoe, lioshe kwa maji ya kawaida, likauke kivulini ndipo ulirudishe. Penye vumbi jingi, rudia kila baada ya wiki mbili.

Chujio likiziba, barafu huganda kwenye mabomba ya ndani, chumba hakipoi na umeme wa LUKU huisha haraka.

Kumbuka pia: chujio hilo halizuii mvuke wa zebaki unaotoka dhahabu inapochomwa. Usichomee dhahabu nyumbani, hata kama kiyoyozi kinawaka.