Bangi, Mimba na Maziwa ya Mama

Mjamzito anayetapika mpaka nyongo hukubali lolote atakaloambiwa kwamba linatuliza. Wengine walioacha sigara na pombe kwa ajili ya mtoto hubaki na bangi, kwa kuiona ni jani tu. Simlaumu mama huyo. Nataka tupime naye.

Kilevi kilichomo katika bangi, THC, hupenda mafuta. Hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto wakati ubongo wake ndio kwanza unajengwa, na ubongo huo tayari una mahali pa kukipokea, sehemu zilezile ambazo mwili hutumia kuongoza ukuaji wa seli za neva.

Madhara yake yana ukubwa gani? Mwaka 2019 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walitoa takwimu za wajawazito zaidi ya 660,000. Kati ya waliosema wanatumia bangi, asilimia 12 walijifungua kabla ya wakati. Kwa wasiotumia, asilimia 6.1. Ukiishia hapo utasema bangi huongeza hatari maradufu. Lakini wengi wanaotumia bangi huvuta sigara pia, na wengine wana maisha magumu, mambo ambayo peke yake huleta watoto njiti. Basi watafiti wakawalinganisha watumiaji na wanawake wa hali kama yao. Tofauti ikapungua: asilimia 10.2 kwa 7.2. Yaani katika wajawazito 100, watatu zaidi. Anayesema kila mtoto ataharibika anatia chumvi. Hata hivyo, aliyewahi kumwona njiti akihangaika kupumua hawezi kuwaona hao watatu ni wachache. Isitoshe, utafiti ulitegemea kauli za akina mama wenyewe, na wapo wanaoficha.

Kwenye maziwa, ambayo yana mafuta, tabia ile ile ya THC ya kupenda mafuta ndiyo tatizo. Pombe hutoka katika maziwa kadiri inavyotoka katika damu, kwa hiyo kusubiri saa chache husaidia. Bangi sivyo. Utafiti wa San Diego uliochapishwa mwaka 2018 uliikuta THC katika sampuli 34 kati ya 54, nyingine siku sita baada ya mama kutumia. Kukamua na kumwaga hakumsaidii mtoto. La kuacha ni bangi, wala mama asikimbilie maziwa ya kopo kabla ya kuzungumza na mkunga.

Kuhusu kichefuchefu, vitamini B6 na tangawizi huwasaidia wengi, na daktari ana dawa zilizochunguzwa kwa wajawazito. Tena bangi inayotumiwa kwa muda mrefu yenyewe huweza kuleta matapishi yasiyokoma, mama akazidi kuvuta akidhani anajitibu. Ndiyo maana namsihi aseme kliniki, na namsihi muuguzi amsikilize bila kumgeuza mshtakiwa. Akishindwa hata kubakiza maji tumboni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.