Maji ya kijito hayatoki juu ya hema lako

Waulize watu kambi nzuri ya kundi iwe wapi, wengi watakwambia kando ya maji. Mna hema kumi, sufuria mbili kubwa, na safari ya kupanda milima kesho alfajiri. Kijito kinawapa maji ya kuoshea vyombo na sauti ya kulalia. Tena uwanja wenyewe ni tambarare, hauna hata jiwe la kukuchoma mgongoni. Sasa jiulize: nani aliusawazisha? Mara nyingi ni mto wenyewe. Umelala juu ya mchanga na tope la mafuriko yaliyopita.

Tuchukue Albert Pike, eneo la kambi kando ya mto Little Missouri, katika msitu wa Ouachita, jimbo la Arkansas, Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Juni 2010, familia nyingi zilikuwa zimelala pale. Kabla hakujakucha vizuri, kipimo cha mto kilichokuwa karibu kilionyesha maji yamepanda kutoka kama mita 1 hadi mita 7 hivi. Watu 20 walikufa, wakiwemo watoto. Tahadhari ya mafuriko ilitolewa usiku uleule, lakini bondeni simu zilishika mtandao kwa shida.

Inawezekanaje? Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 1. Basi milimita 100 kwenye kilomita 50 za mraba za milima iliyo juu yako ni lita bilioni 5! Kwenye ardhi yenye udongo wa kina, sehemu kubwa ingezama na kutoka polepole. Ouachita ina miteremko mikali na udongo mwembamba juu ya mwamba, kwa hiyo vijito vyote vinashusha maji karibu kwa pamoja kwenye bonde jembamba. Maji yakikosa pa kutanuka, yanapanda.

Na ni mazito: mita 1 ya ujazo ni tani 1. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana gari linabebwa kama kopo.

Wala si lazima mvua ikunyeshee wewe. Kwenye korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, Kenya, mafuriko ya ghafla yaliua watu saba Aprili 2012, na wengine saba Septemba 2019. Mvua ikinyesha huko juu, walio chini wanaweza kukutwa na maji bila hata kulowa.

Kwa hiyo ule ushauri wa "angalia mawingu" mimi naona hautoshi. Angalia miti. Ukiona nyasi kavu na vijiti vimenasa kwenye matawi yaliyo juu ya kichwa chako, maji yalishafika pale. Usiku, maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, yakaanza kubeba majani, au mngurumo ukabadilika, pandeni mlimani kwa miguu. Mahema yaacheni. Kuamsha watu thelathini gizani kunachukua muda, na kuna atakayetafuta viatu. Njia ya kupandia ionyesheni kila mtu jioni, kungali na mwanga.