Samaki Hana Pasi

Ziwa Viktoria ni moja, wenyewe watatu: Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, kilichokuwa cha wote, kilibaki cha Uganda peke yake. Hivyo, sangara alipoenea ziwani katika miaka ya 1980 na kuwapunguza mno furu, hapakuwa tena na kituo cha pamoja cha utafiti cha kumchunguza.

Ndipo mwaka 1994, huko Kisumu, nchi hizo zilipotia sahihi mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, makao yakiwa Jinja.

Samaki huvuka mpaka bila pasi. Mtafiti amfuataye naye afunguliwe njia. Elimu ikifungiwa mpakani, chungu cha nyumbani ndicho kikosacho kitoweo.