RUTA YAKO INAWEZA KUONYESHA UNAPOKAA

Ruta ni kile kikasha kinacholeta intaneti ndani ya nyumba bila waya. Zimejaa mijini, na vijijini nako zinaingia. Hebu tuone jambo moja ambalo wengi hawalijui.

Kila ruta ina namba yake, kama ng'ombe mwenye chapa. Ruta hutangaza namba hiyo hewani usiku na mchana. Neno la siri haliifichi.

Simu ya mpita njia huisikia namba hiyo. Simu nayo inajua ilipo kwa msaada wa setilaiti. Basi hupeleka habari kwa kampuni: namba fulani imesikika mahali fulani. Kampuni huiandika katika daftari lake. Google na Apple zina madaftari makubwa ya namna hii.

Daftari hilo lina faida. Ndani ya jengo simu haipati setilaiti vizuri. Hapo husikiliza ruta za karibu, huuliza daftari, na kujua ilipo.

Lakini kuna hatari. Mwaka 2024, watafiti Erik Rye na Dave Levin wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walionyesha kuwa mtu yeyote mwenye ujuzi aliweza kuliuliza daftari la Apple. Wao walipata mahali zilipo ruta zaidi ya bilioni 2.

Je, namba inataja jina lako? Hapana. Lakini mtu aliyekaa nyumbani kwako anaweza kuwa nayo. Tuseme mama anapigwa na mumewe. Anahama kimya kimya, na ruta anaibeba. Simu za majirani wapya zinaisikia. Daftari linabadilishwa. Mume mwenye ile namba akiuliza, anaonyeshwa alikohamia mkewe.

Tufanye nini?

Kwanza, ongeza alama _nomap mwishoni mwa jina la ruta. Kama jina ni Mwembeni, liwe Mwembeni_nomap. Google iliikubali alama hii mwaka 2011, na Apple mwaka 2024. Zikiiona, haziitii ruta hiyo katika daftari. Kama hujui kubadili jina, mwombe fundi akusaidie.

Pili, ukihama kwa kumkimbia mtu, usibebe ruta ya zamani. Tafuta nyingine.

Ukishasoma, mweleze na jirani yako.