Kitanda cha Sebuleni ni cha Nani?

Katika Sahihi Muslim imo hadithi iliyopokewa kwa Jabir, ya kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alitaja kitanda cha mume, na cha mkewe, na cha tatu cha mgeni, ama cha nne alikihesabu kuwa ni cha Shetani. Nasi twaona kitanda cha kupumzikia mchana, kikaacho sebuleni, ndicho hicho cha mgeni. Basi na kichaguliwe kwa ajili yake.

Sisi wenyewe tulikosea. Tulinunua kwa fedha nyingi kitanda kilicho chini mno, chenye godoro laini, tukakijaza mito. Jirani yetu mzee alipokikalia alididimia, asiweze kuinuka mpaka vijana wakamshika mikono. Tangu siku ile akawa haingii ndani. Husalimu mlangoni akapita. Tuliona haya.

Tukakiuza, tukaenda kwa seremala. Ndugu wasomaji, chagueni mti mgumu, kama mvule au mninga. Matendegu yafike kiasi cha goti, ili mzee akae nyayo zake zikigusa sakafu. Kiwambwe kwa kamba, kwani hupitisha hewa, na zikilegea hukazwa. Juu yake tandikeni mkeka na shuka safi, na mito miwili ya sufi, yatosha. Tena kianikeni juani, kunguni wasipate makao.

Sasa jirani yetu hulala kailula kwetu, kisha huwasimulia watoto habari za kale. Enyi vijana mnaoanza nyumba, pambo la kitanda hiki ni mgeni aliyestarehe juu yake.