Kutunza na Kusahihisha Historia ya Chama

Wanaushirika wengi wamefundishwa kwamba ushirika wa kisasa ulizaliwa Rochdale, Uingereza, duka la Toad Lane lilipofunguliwa tarehe 21 Desemba 1844. Fundisho hilo lina msingi wake, kwani kanuni za Rochdale ndizo zilizoenea duniani. Hata hivyo, zaidi ya miaka 80 kabla ya hapo, wafumaji wa kijiji cha Fenwick, huko Uskoti, walikwisha kuunda chama chao. Namna habari zake zilivyohifadhiwa na kurekebishwa inawahusu makatibu wetu kuliko inavyodhaniwa.

Chama cha Fenwick kilivunjwa mwaka 1873, wakati ambapo ufumaji wa mikono ulikuwa umeshindwa na viwanda na watu wengi wamehamia ng'ambo. Kumbukumbu zake hazikufa nacho. Zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Mwaka 2008 chama kilisimamishwa upya, safari hii si kwa ajili ya kufuma, bali kukusanya na kuandika urithi wake.

Kazi hiyo si ya kusifu tu. Ipo hadithi inayorudiwa mara nyingi, kwamba tarehe 14 Machi 1761 wafumaji walikokota gunia la unga hadi chumbani mwa mwenzao, John Walker, wakaanza kuuziana kwa bei nafuu. Ni hadithi tamu. Lakini hati iliyotiwa sahihi siku hiyo inahusu kazi ya kufuma: kuaminiana, kutengeneza kitambaa imara, na kutotoza bei ya juu wala ya chini kuliko iliyozoeleka katika maeneo ya jirani. Uamuzi wa kununua chakula kwa fedha za chama uliandikwa Novemba 1769. Masimulizi yameyaunganisha mambo mawili yaliyotengana kwa miaka minane, na aliyeweza kuyatenganisha ni mwandishi wa kumbukumbu za mikutano, ambaye bila shaka hakujua kwamba anaandika historia.

Hapa Tanzania tarehe nazo hutegemea kinachohesabiwa. Anayeanza na Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, husema 1933. Anayekumbuka chama cha wakulima kilichokitangulia, KNPA, husema 1925. Hakuna aliyesema uongo, ila sharti aeleze anahesabu nini.

Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, shughuli zao zilihamia kwenye mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Katika mabadiliko ya namna hiyo, chama kisichotunza karatasi zake hubaki na midomo ya watu. Siku warithi wa mwanachama wa zamani wanapodai hisa zake, au kijiji kinapouliza ghala lilijengwa kwa michango ya nani, midomo hiyo haitoshi.

Yafaa basi kila chama kiwe na wanachama wachache wa kushika kazi hii, wakisaidiwa na katibu. Waanze na daftari la kumbukumbu, orodha ya wanachama na leja za mazao, kabla hazijaishia kufungia karanga sokoni. Kisha wawaendee wazee, kila mmoja peke yake, kwa kuwa wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa huwasemea wote. Mzee aweza kukosea mwaka lakini akakumbuka vema kuwa ulikuwa msimu wa mavuno haba. Leja ya mazao itautaja mwaka wenyewe. Lakini nayo leja haisemi kila kitu: mama aliyelima shamba lililoandikwa kwa jina la mumewe hataonekana humo asipoulizwa.

Maelezo ya awali yakigundulika kuwa na kosa, yasifutwe wala kuchanwa. Marekebisho yaandikwe kwenye karatasi nyingine, pamoja na tarehe, jina la aliyerekebisha na ushahidi alioutumia. Karatasi hiyo ifungwe pamoja na ile ya zamani katika jalada moja, na jalada liwekwe kabatini, mbali na mchwa.